Mwaka wa Digrii ya Mumbua

Jumapili, 5 Oktoba 2008

Idi imekwisha. Kazini tena. Basi la wafanyakazi limechelewa kutuchukua Al Qusais na joto bado la tanuri, utadhani mwezi wa saba. Watoto wamerudi wamesahau kila kitu. Wanalia mlangoni kama siku ya kwanza. Nimefuta matapishi, nimebadilisha nepi, nimeimba wimbo wa kunawa mikono mpaka sauti imekauka.

Hana amerudi na viatu vipya. Ana miaka mitatu na nusu. Tangu aletwe mwezi wa nne hajatamka neno hapa nasari. Mama yake, mtu wa Jordan, anasema nyumbani anaongea kama kasuku, Kiarabu na Kiingereza. Hapa, kimya. Lakini mimi namwelewa. Akitazama jagi, najua maji. Akishika sketi, choo. Madam, mwenye nasari, huwaonyesha wageni: tazameni Rukia na Hana, hawahitaji hata maneno. Nafurahi akisema hivyo.

Miaka mitano niko Dubai. Pale nasari hakuna mwalimu mwingine aliyedumu hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Madam ametuita baada ya watoto kuondoka. Chuo kimoja cha Uingereza kina tawi hapa. Kinachukua watu wa malezi na elimu ya watoto wenye diploma, kinawasomesha ule mwaka wa mwisho tu, na diploma inapanda kuwa digrii. Tena digrii ya honazi, ile yenye utafiti wake na daraja lake. Masomo ni Alhamisi mchana na Ijumaa. Huachi kazi. Darasa lako mwenyewe ndilo unalolisoma.

Nasari itamgharimia mtu mmoja. Mmoja tu.

Nilijua ni mimi. Kichwani nilikuwa nimeshampigia mama simu Tanga.

Amesema Mumbua.

Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika. Mumbua ni nani? Binti wa Machakos ambaye vyeti vyake nilivipeleka kwa Madam kwa mkono wangu huu. Nilimpokea uwanja wa ndege. Nikampa kitanda cha pili chumbani kwangu. Hakujua hata kumlaza mtoto usingizi wa mchana. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kumpigapiga mgongoni taratibu, huku unamtazama mwingine. Diploma yake na yangu ni sawasawa. Yeye ana miaka ishirini na sita, mimi thelathini na nne.

Nimemwuliza Madam sababu, kwa adabu. Akanishika bega. "Rukia, wewe siwezi kukutoa darasani hata nusu siku. Wazazi wanakuja hapa kwa ajili yako. Na Mumbua anauliza maswali mno. Anahitaji mahali pa kuyapeleka."

Yaani nimenyimwa kwa kuwa nafaa. Sifa gani hii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mumbua amepika pilau kunifurahisha. Ameiunguza. Akasema, "Dada Rukia, hii digrii ni yetu wawili. Mimi nitasoma tu, lakini wewe ndio umenifikisha." Nikasema Mungu akusaidie, mdogo wangu. Nilisema kwa mdomo.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe nilione sura yake. Baya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku yake ya kwanza chuoni. Blauzi nyeupe, viatu vya kisigino. Ameondoka watoto walipomaliza kula. Hakuna wa kuziba nafasi, kwa hiyo mimi nimebaki na watoto wake juu ya wangu. Wake ni wale wadogo wanaouma. Nimeumwa mkononi. Alama za meno hizi hapa, naandika nazitazama. Na yeye wakati huo yuko kwenye kiyoyozi anajadili nadharia.

Amerudi anang'aa. Alitaka kunisimulia. Nikatandika mswala nikajifanya nasali.

Sala ya uongo. Astaghfirullah.

Jumamosi, 1 Novemba

Insha yake ya kwanza imerudi. Alama za chini, karibu afeli. Mwalimu wake ameandika kwamba anasimulia tu, hachambui. Amekaa kitandani anaitazama ile karatasi kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

Nimefurahi. Furaha ya kweli, ya kutaka kuimba. Nikaenda jikoni kuchemsha chai na nikaimba kweli. Kisha nikamletea kikombe nikiwa na sura ya msibani. Akasema, "Asante, dada, nisingekuwa na wewe ningefanyaje?"

Jumapili, 16 Novemba

Insha ya pili amepata vizuri mno. Leo chai hakuna.

Jumanne, 2 Desemba

Sikukuu ya Taifa. Bendera kila gari. Tumekwenda kutembea Al Rigga. Barabara imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, watu tunapita juu ya mbao kama mbuzi. Kila mahali habari ni ile ile: makampuni yanasimamisha miradi, watu wanarudishwa kwao. Moses, Mganda anayelinda jengo letu, anasema jengo la jirani familia zinahama kimyakimya. Nasari nako wapo waliokwisha kuaga.

Tukiwa tumesimama kungoja mikate ya shawarma, Mumbua akasema ameshapata mada ya utafiti wake. Hana. Mtoto asiyeongea, pamoja na mwalimu wake. "Niruhusu nikae darasani kwako, dada. Nitakaa kona, sitasumbua mtu. Jina lako halitatokea. Utaitwa Mwalimu A."

Mimi nilee mtoto, yeye apate digrii, na jina langu liwe herufi.

Nikasema ndiyo. Kwa nini? Kwa kuwa alinishika mkono mbele za watu. Na kwa kuwa nilitaka kuona nitaandikwaje. Hii ya pili ndiyo kweli.

Ijumaa, 26 Desemba

Wenzake wa chuo wamekuja kwetu kujisomea pamoja, kwa vile chuo kimefungwa kwa Krismasi. Mhindi mmoja, Mkenya mmoja, na mama wa Ayalandi mwenye nywele nyekundu. Wamekalia vitanda, hata changu. Maneno yao marefu. Nimewapikia maandazi, nikawa naingia na sahani, natoka na sahani, kama mtumishi katika chumba changu mwenyewe.

Yule mama akaniuliza kama na mimi nasoma. Kabla sijafungua mdomo Mumbua akajibu, "Huyu hahitaji kusoma. Huyu alizaliwa na kipaji." Wakacheka kwa upole. Alinisifu, najua. Lakini nilikuwa na jibu langu, na mpaka sasa limenikwama kooni.

Jumapili, 11 Januari 2009

Ameanza uchunguzi. Amekaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, kalamu mkononi. Nilivaa gauni la buluu. Leo nilikuwa bora. Hadithi na sauti za wanyama wote, wimbo, ngoma ya sufuria. Hana alipotazama dirishani nikasema, "Hana anataka kwenda nje!" Tukatoka darasa zima. Nikageuka kuona kama Mumbua ameandika.

Ameandika.

Jumanne, 20 Januari

Ananitazama mno, na si kwa macho ya kupendezwa. Nikiimba haandiki. Nikisimulia hadithi haandiki. Nikisema neno kwa Hana, anainama haraka na kuandika. Nyumbani nimemwuliza, unaandika nini? Akasema taratibu za chuo haziruhusu mpaka amalize siku zake za uchunguzi, kisha ataniambia yote.

Chuo hakiruhusu. Chuo, chuo. Juzi juzi tu alikuwa hashiki mkasi bila kuniuliza.

Jumamosi, 7 Februari

Tumegombana. Niandike yote nisije nikayabadilisha baadaye.

Tulikuwa tunaanika nguo kwenye roshani. Nikamwambia kama ni sifa anipe nizisikie, kama ni kasoro pia. Akaendelea kukung'uta shuka. Nikazidi kumchokoza. Nikamwambia anakula jasho langu. Hana ni kazi yangu, na yeye amekuja na kalamu kuvuna.

Akasema, "Dada, usinilazimishe."

Nikasema sema.

"Hana haongei kwa sababu hana nafasi. Unamjibia. Kabla hajafungua mdomo umeshasema anataka maji, anataka nje, anataka choo. Nimekaa pale wiki hizi zote namngoja aanze. Kila akivuta pumzi, wewe umeshamaliza."

"Nampenda yule mtoto!"

"Haki, najua unampenda. Sijasema humpendi."

Nikamwambia asinifundishe kulea, mimi niliyemfundisha kufunga nepi. Akasema, "Sawa tu," akaingia ndani. Shuka likabaki limening'inia upande mmoja.

Digrii yenyewe haijafika na tayari ananitazama kutoka juu.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda ofisini kwa Madam kabla watoto hawajafika. Nimemwambia uchunguzi unawavuruga watoto. Nimesema Hana amezidi kujifunga. Uongo. Madam alikuwa na simu sikioni, mzazi mwingine alikuwa anaaga, na hakutaka kesi. Akasema khalas, yaishe, Mumbua arudi moja kwa moja chumba cha wadogo, atafute mada nyingine.

Ilichukua muda mfupi tu. Kumbe kubomoa ni kazi nyepesi hivi.

Kwenye basi Mumbua akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Aligeukia dirisha mpaka Al Qusais.

Jumatano, 11 Februari

Haongei nami. Anapika chake kwenye sufuria ndogo. Asubuhi ananisalimia, kwa kuwa kwao amelelewa. Basi.

Mwalimu wake wa chuo amemwambia kuanza mada mpya sasa ni kuchelewa. Bila utafiti kamili atapata digrii ya kawaida, honazi hakuna. Hakuniambia mimi. Nimemsikia akimweleza dada yake kwenye simu, Kikamba kimechanganyika na Kiingereza. Sehemu ya kuumia niliielewa.

Nilidhani nitaona raha. Nimekula wali nusu sahani nikaacha.

Jumapili, 15 Februari

Leo niliamua kuhakikisha kwamba Mumbua ni mwongo. Sitamjibia Hana, tuone.

Hana akasimama mbele ya jagi. Mimi kimya, ulimi nimeuuma. Ndipo Dev, anayekaa naye meza moja, akapaza sauti: "Hana anataka maji!" Kwa lafudhi yangu. Kidole juu kama changu. Baadaye Hana akashika sketi, na watoto watatu kwa pamoja: "Hana anataka choo!"

Darasa zima wanamsemea. Nani kawafundisha?

Nikaenda nikakaa juu ya kile choo kidogo cha watoto, mlango nimeufunga. Sikulia. Nilikaa tu.

Jumanne, 24 Februari

Nimewaambia watoto tuna mchezo mpya: kila mtu anajisemea mwenyewe. Dev hawezi kujizuia, anaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nami siwezi. Kunyamaza kunauma mwilini, kama kubana mkojo. Hana anatutazama sote kama tumerukwa na akili.

Hajasema kitu. Labda Mumbua amekosea. Natumaini amekosea. Hebu nisome tena nilichoandika: natumaini mtoto asiongee, ili mimi nisiwe na kosa.

Nimekuwa mtu gani.

Jumatatu, 9 Machi

Amesema.

Ilikuwa wakati wa vitafunio. Nimechoka, nikajisahau. Joy, msaidizi wangu Mfilipino, akauliza nani juisi na nani maziwa. Mimi bila kugeuka nikasema, "Hana, juisi." Siku zote ni juisi. Tangu aletwe ni juisi.

Nyuma yangu sauti nzito kidogo, karibu ya mtu mzima, kwa Kiingereza safi: "Hapana. Maziwa."

Dev akaangusha kikombe. Nilipogeuka Hana alikuwa ananitazama mimi, amekunja uso, kama mteja aliyeletewa chakula kisicho chake mara nyingi akavumilia, na leo amechoka.

Nikammiminia maziwa. Mengine yakamwagika mezani. Akanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Karibu mwaka mzima nampa juisi. Namwelewa, nilikuwa nasema. Hatuhitaji maneno.

Na Mumbua hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha wadogo. Nimemweka huko mimi.

Jumanne, 10 Machi

Sijamwambia. Nataka iwe yangu kidogo. Leo Hana amesema "nje", amesema "siyo hiki", amemwita Dev kwa jina. Sauti ile ile nzito. Kila neno nalificha moyoni kama mchoyo anavyoficha sukari wageni wakibisha hodi.

Alhamisi, 12 Machi

Mama yake Hana amekuja kabla ya saa yake. Akaomba vitu vyote vya mtoto: kigodoro, nguo za akiba, michoro ya ukutani. Kampuni ya mumewe imefunga mradi. Keshokutwa wanarudi kwao Jordan, Amman. Alizungumza haraka, macho makavu, kama mtu anayehesabia mizigo.

Nikamwambia, "Mama Hana, Hana anaongea sasa." Hakuamini. Nilitaka sana kumwambia Hana, sema, onyesha. Nikafunga mdomo. Hana akamvuta mama yake kwa kidole mpaka kwenye meza. "Mama, huyu ni Dev."

Mama akakaa chini palepale kwenye mkeka, na begi lake na funguo zake, akalia yote aliyokuwa ameyazuia. Joy naye akalia. Mimi nikawa nakunja kigodoro.

Waliondoka kabla ya usingizi wa mchana. Dev alipunga mkono dirishani hata gari lilipokwisha kupotea.

Mumbua alikuwa ameshakwenda chuoni. Hakuwaona.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemwambia. Aliporudi alasiri, hata viatu hajavua, nikasema kaa. Nikamweleza: jagi, Dev na kidole chake, juisi, maziwa, Amman.

Nilidhani atafurahi kwamba alisema kweli. Hakukaa. Akasema polepole, "Mwezi mzima ningekuwa pale." Kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Ningesikia kwa masikio yangu, Rukia!"

Rukia. Bila dada.

Nikasema nisamehe. Akasema, "Sijui kama naweza, na usiniulize leo." Akachukua mto na shuka akaenda kwa msichana mmoja rafiki yake, ghorofa ya pili.

Kitanda chake kimebaki wazi, godoro tupu. Chumba kimekuwa kikubwa. Nilikuwa nalalamika kwamba ni kidogo.

Ijumaa, 20 Machi

Amerudi. Si kwa ajili yangu. Mwalimu wake amekubali atumie siku alizokwisha kuchunguza, na sehemu iliyobaki iwe mahojiano na mwalimu wa darasa. Yaani mimi. Honazi yake iko mdomoni mwangu.

Tumekaa mezani jioni, alipotoka chuoni. Kinasa sauti cha chuo, kidogo kama sabuni ya hoteli. Hakunitengea chai. Akataja mada na tarehe kwa sauti kavu, kama polisi.

"Mwalimu A, eleza jinsi mtoto alivyoanza kuongea."

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa limeiva: subira, nyimbo, mapenzi, uzoefu wangu. Yeye hakuwepo, angeandika chochote nitakachosema. Ningetoka kwenye kazi yake nikiwa shujaa, na wale maprofesa wa Uingereza wangenisoma wakatikisa kichwa kwa heshima. Nililitamani jibu hilo kama mjamzito anavyotamani udongo.

"Niliacha kumjibia," nikasema. "Na siku nilipojisahau nikamjibia, akanisahihisha."

Akauliza nilikuwa nikimjibia tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Akauliza kwa nini.

Hapo nikanyamaza. Yeye akangoja. Anajua kungoja, huyu binti. Hakunisukuma, hakunisaidia, hakunitafutia neno. Mkanda ulikuwa unazunguka. Mwishowe nikasema, "Kwa sababu nilipenda kuonekana mimi ndiye ninayemwelewa."

Akazima mashine. Akainamia karatasi zake muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, dada."

Nikaenda kufua, ingawa hakukuwa na nguo chafu.

Jumamosi, 2 Mei

Anachapa kutwa nzima kwenye kompyuta ya kuazima. Ananisomea aya moja moja. Anaandika vizuri. Laiti angeandika vibaya. Mwalimu A ni mtu wa kweli mle ndani, ana makosa yake na ana joto lake. Nilimtafutia Mumbua ubaya katika kila sentensi nikaukosa, na hilo likaniudhi zaidi.

Nasari wameunganisha madarasa mawili. Joy amerudishwa kwao. Nimemwuliza Madam kama mwakani kutakuwa na nafasi ya mwingine kusomeshwa. Alicheka bila furaha. "Rukia, mwakani niombee tu tuwe tumefungua milango."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi, na ilikwenda kwa mwingine. Hakuna mtu wa kumkasirikia. Natafuta, simpati.

Jumatatu, 29 Juni

Matokeo. Honazi, daraja la pili la juu. Mumbua alipiga kelele mpaka Moses akapanda ngazi kuja kuuliza kama kuna moto. Akanikumbatia, shingo yangu ikalowa machozi yake. Nimefurahi na nimeumia, kwa pamoja, mahali pamoja. Sikujua vinaweza kulala chumba kimoja kama sisi.

Nikampigia mama Tanga. Nikamwambia yule mdogo wangu Mkenya amepata digrii. Mama akasema, "Alhamdulillah. Na wewe lini?"

Nikasema mama, simu inakatika.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mahafali ya Mumbua, hotelini Al Garhoud. Ukumbi wa baridi, mazulia mazito, majoho meusi. Wazazi wake hawakuweza kuja, kwa hiyo nilikaa mimi na Madam mahali pao. Mzungu wa kusoma majina alilitafuna jina lake hata halikutambulika. Nikalisema sawasawa kutoka kwenye kiti changu, kwa sauti. Watu waligeuka. Mumbua jukwaani akacheka, akainua mkono.

Tumekula wali na samaki, tukarudi Al Qusais kwa teksi. Akajilaza kidogo, akapitiwa na usingizi na joho lake, mdomo wazi. Nimemvua viatu. Joho na kofia vinarudishwa kesho chuoni.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka ukutani. Kofia ilikuwa juu ya meza. Nikaichukua, nikaenda kwenye kioo cha kabati, nikaivaa juu ya mtandio. Nikageuka kushoto. Nikageuka kulia. Nikaishusha kidogo kwenye paji la uso.

Imenikaa vizuri kuliko yeye.

Nikairudisha mezani, nikavuta pazia asipigwe na jua.